Alizeti huvunwa Juni, bajeti husomwa Juni

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, ana mashine mbili za kukamua alizeti. Benki imemkubalia mkopo wa kununua mtambo mdogo wa kusafisha mafuta. Baba yake mdogo, aliyefunga mashine zake mwaka 2023, anamkataza: anasema serikali ikipunguza ushuru wa mafuta ya nje tu, amekwisha. Rafiki yake wa Dodoma mjini anamwambia serikali inataka viwanda, asichelewe. Anauliza: "Sera za serikali zinatusaidia au zinatukwamisha? Nikope sasa au nisubiri bajeti?"

Jibu

Baba yako mdogo hajakosea, ndugu yangu. Rafiki yako wa mjini naye hajakosea. Kila mmoja anatazama sera za aina yake.

Kuna sera zinazoshika gharama: barabara, umeme, mbegu, utafiti, riba. Zinakuja taratibu, mara nyingi zimechelewa, lakini zikishafika haziondoki kwa tangazo la jioni moja. Lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa ilifunguliwa 2018, na hakuna waziri atakayeamka kesho akaikunja. Halafu kuna sera zinazoshika bei: ushuru wa forodha, misamaha ya kodi, marufuku ya kupeleka mazao nje, bei elekezi. Hizi zinauma au kuponya siku ileile, na zinaweza kuondoka vilevile zilivyokuja. Mashine zako mbili zimeinuliwa na sera za kwanza: umeme umefika, malori yanapita mlangoni. Mkopo unaotaka kuuchukua utalipika au hautalipika kwa sera za pili. Ndiyo maana jibu la swali lako linaanzia kwenye gunia.

Bei ninazotumia hapa ni za mfano. Toa zangu, weka za kwako.

Chukua kilo 100 za Record, mbegu ile ya siku nyingi ambayo wakulima wengi wa Kongwa, Mpwapwa na Singida bado wanaipanda. Kwa mashine ndogo, mbegu ikiwa imepepetwa na imekauka vizuri, utapata mafuta kilo 25 hivi, yaani lita 27, na mashudu kilo 65. Zinazobaki ni unyevu, takataka na lile tope la chini ya tangi. Mbegu umenunua sh 1,000 kwa kilo: sh 100,000. Umeme, vibarua, madumu na ushuru wa halmashauri: sh 15,000. Mafuta unauza sh 4,000 kwa lita, unapata 108,000. Mashudu kwa sh 400 kwa kilo yanakupa 26,000. Jumla 134,000, toa 115,000, unabaki na sh 19,000. Hiyo ni kama sh 700 kwa kila lita uliyoijaza kwenye dumu.

Sasa shusha bei ya lita kwa sh 500. Faida inabaki 5,500. Ishushe kwa sh 1,000, yaani robo ya bei, na umepoteza sh 8,000 kwa kila kilo 100, pamoja na kazi yako yote. Mbegu ulishanunua Juni na Julai, imejaa stoo, haiwezi kurudi kwa mkulima. Mkamuaji anajiona mwenye kiwanda, lakini kwa hesabu hii yeye ni mfanyabiashara wa kuweka mzigo: faida yake inategemea bei isishuke kati ya Julai na Desemba.

Bei hiyo inashikwa na nini? Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia nchini hutoka nje, na mengi ni mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Mama lishe wa Majengo hachagui kwa upendo wa alizeti; pengo la bei likizidi sana, anahamia kwenye mawese. Kwa hiyo bei yako imefungwa kamba kwenye bei ya mawese yaliyoshuka bandarini Dar es Salaam, na ushuru wa forodha ndio urefu wa kamba.

Tuuone ushuru huo kwa shilingi. Tani ya mawese ghafi ikifika bandarini kwa dola 1,000, ushuru wa asilimia 25 ni dola 250. Kwa sh 2,500 kwa dola ni sh 625 kwa kilo, au kama sh 575 kwa lita. Na kwa kuwa VAT inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe, uzito wake unafika karibu sh 680. Linganisha na ile faida yako ya sh 700. Ushuru ukifutwa, kinachoondoka ni faida yako karibu yote, wala si nyongeza ndogo pembeni. Baba yako mdogo huenda hajawahi kuandika hesabu hii kwenye daftari, lakini aliisikia mfukoni.

Kuna jambo jingine ndani ya asilimia ambalo wakulima huwa hawaelezwi. Asilimia 25 ya dola 1,600 ni dola 400. Asilimia 25 ya dola 800 ni dola 200. Maana yake, bei ya dunia ikiwa juu, wakati huhitaji ulinzi, ukuta unakuwa mrefu. Bei ikiporomoka, wakati unaulilia, ukuta unakuwa nusu. Na serikali hubanwa kuubomoa wakati gani? Wakati bei iko juu, kwa sababu ndipo walaji wanapopiga kelele.

Hilo ndilo lililotokea 2022, na si kwa ubaya wa mtu. Katika bajeti ya 2018/19 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na ya yaliyosafishwa hadi 35. Bei ya alizeti ikapanda, wakulima wa kanda ya kati wakaongeza ekari, na serikali ikasukuma mbegu za ruzuku kupitia Wakala wa Mbegu, ASA. Februari 2022 vita ikaanza Ukraine, nchi iliyoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikafunga mauzo ya mawese nje, ikafungua tena baada ya wiki kama tatu. Mafuta yakawa hayashikiki madukani. Katika bajeti ya Juni ulinzi ukalegezwa, na mafuta yaliyosafishwa mara mbili na viwanda vya ndani yakapewa msamaha wa VAT kwa mwaka mmoja. Kwa mlaji ilikuwa haki. Lakini unafuu ulipoanza kufanya kazi Julai, bei ya dunia tayari ilikuwa inaporomoka. Kufikia Septemba mawese yalikuwa karibu nusu ya bei ya Machi. Kwa hiyo mawese ya bei ya chini yakakuta ukuta mfupi, na mbegu nyingi kuliko kawaida ziko stoo za Singida, Dodoma na Manyara. Bei ya mkulima ikaanguka. Bajeti ya 2023/24 ikarudisha ukali, ila aliyekuwa amenunua mbegu kwa bei ya juu hakurudishiwa kitu.

Tazama kalenda, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Mkulima wa Kongwa anaamua alime alizeti au mtama mnamo Novemba na Desemba, mvua zinapoanza; huku kwetu ni msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Anaamua kwa kuangalia bei aliyouzia msimu uliopita. Anavuna Mei hadi Julai. Hotuba ya bajeti inasomwa katikati ya Juni na viwango vipya vinaanza Julai 1. Yaani sheria za mchezo zinabadilishwa mzigo ukiwa barazani, baada ya mkulima kumaliza uamuzi wote na kabla mkamuaji hajamaliza kununua. Zaidi ya hapo, ushuru huu si wa kudumu hata kwenye karatasi. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mafuta ghafi ni asilimia 0 au 10, na Tanzania imekuwa ikitoza zaidi kwa kuruhusiwa kutotumia kiwango hicho, ruhusa ya mwaka mmoja mmoja. Kila Juni inaombwa upya. Wewe unataka kukopa kwa miaka mitano juu ya ukuta wenye kibali cha miezi kumi na miwili.

Ndiyo maana kubishana kama ushuru uwe 25 au 35 hakunisisimui sana. Asilimia 20 iliyotangazwa kwa miaka mitano mfululizo ingejenga viwanda vingi zaidi kuliko 35 inayopanda na kushuka. Mwenye mtaji mkubwa Dar es Salaam anaweza kuvumilia mwaka mbovu, na anaweza kwenda wizarani kueleza shida yake. Mkamuaji wa Kibaigwa mtaji wake unakata msimu mmoja.

Na usidhani wenye viwanda wote wana kilio kimoja. Msafishaji wa Dar es Salaam anayeagiza mawese ghafi anaishi kwenye pengo kati ya ushuru wa ghafi na ule wa yaliyosafishwa. Kwake ghafi ikitozwa sifuri na iliyosafishwa ikatozwa 35 ni neema. Kwako wewe ghafi ikitozwa sifuri ni msiba. Ukisikia kwenye redio "serikali imelinda viwanda vya mafuta", uliza kwanza: vya mafuta gani?

VAT nayo inakuhusu, kwa sababu ndiyo itakayokutana nawe ukikua. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya zaidi ya sh milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 100. Kwa mfano wetu, kila kilo ya mbegu inakuletea mauzo ya sh 1,340. Milioni 200 unaifikia ukikamua tani 149 hivi. Mashine mbili zikipata mbegu miezi minne, unapita hapo. Ukishapita, na kama bidhaa yako haimo kwenye orodha ya misamaha ya mwaka huo, katika ile 108,000 ya mafuta kuna VAT ya karibu sh 16,500. Kwa kawaida unakata VAT uliyolipa kwenye manunuzi, lakini mbegu ya mkulima haina VAT, kwa hiyo huna cha kukata zaidi ya umeme na madumu, labda sh 1,500. Unapeleka TRA kama 15,000 kati ya faida ya 19,000. Jirani yako mwenye mashine moja hapeleki kitu na anauza dumu bei ileile.

Matokeo yake mnayaona: mtu ana mashine tatu, moja kwa jina lake, moja la mkewe, moja la shemeji. Si lazima awe mkwepaji sugu. Ngazi imewekwa ukuta katikati, naye ameamua kukaa chini ya ukuta. Sera inayomfanya mtu aogope kukua inadumaza uchumi kimyakimya, kwa sababu hakuna kinachofungwa wala anayeandamana. Vinabaki tu viwanda vidogo milele. Msamaha nao una meno ya nyuma: bidhaa iliyosamehewa haikuruhusu kudai VAT uliyolipa kwenye mashine na vifungashio. Kinachomsaidia mzalishaji kweli ni kutozwa kwa kiwango cha sifuri, ambapo unadai na kurudishiwa, na hata hapo inategemea marejesho yatoke kwa wakati. Kabla ya kusaini chochote, soma Sheria ya Fedha ya mwaka husika na uone bidhaa yako imeandikwaje. "Mafuta yaliyosafishwa mara mbili" na mafuta uliyokamua na kuchuja kwa kitambaa ni vitu viwili mbele ya sheria.

Ushuru wa mazao wa halmashauri ni asilimia 3 ya bei ya shambani, na kisheria anayelipa ni mnunuzi. Katika kilo 100 zako ni sh 3,000. Inaonekana ndogo, ila inapigwa kwenye bei wala haiangalii faida: mwaka mzuri inakula kama moja ya sita ya faida yako, mwaka ambao faida ni 5,500 inakula zaidi ya nusu. Hata hivyo ilikuwa mbaya zaidi. Kabla ya 2017 ilifika asilimia 5, na hata mwenye magunia mawili alisimamishwa getini. Mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine umesamehewa. Tunza risiti ya mashine kwa kila mzigo, maana ukilipa Kongwa usilipishwe tena Chamwino kwa kukosa karatasi.

Kibaigwa hamhitaji kufundishwa marufuku. Katikati ya 2017 mahindi yalipokatazwa kwenda nje bila kusagwa, soko lenu la kimataifa lilibaki la kimataifa kwa jina. Lengo lilikuwa chakula kisipungue na viwanda vya unga vifaidike. Lakini marufuku ni kodi anayotozwa mkulima kwa niaba ya mlaji wa mjini bila kupitia Bungeni, na mkulima huilipa mwaka unaofuata kwa kupunguza shamba, na upungufu uliokuwa ukiogopwa unaweza kuja wenyewe. Mwaka huohuo India nayo iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, na wakulima wa Kondoa na Babati wakaachiwa mbaazi majumbani. Serikali inayokuumiza si lazima iwe ya kwako.

Nisije nikaonekana nasema serikali ikae pembeni. Sera za gharama ndizo zilizokuweka kwenye biashara. Umeme wa kukatikakatika wa 2023 na mwanzo wa 2024 uliua mota na kuacha mbegu nusu ndani ya mashine. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi, bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115, na kwa mkamuaji hiyo ni faida isiyotegemea hotuba ya Juni. Riba nayo: Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza unafuu kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na benki kadhaa kubwa zikashusha hadi 9. Kama mkopo uliokubaliwa umeandikwa "biashara" kwa riba ya 17 au 18, rudi ukaulize kwa nini usiwe wa kilimo. Uliza kama usindikaji wa mazao unahesabiwa humo, maana ofisa mkopo hatakukumbusha.

Zabibu za Dodoma zinaonyesha sera ya bei iliyokaa muda mrefu inavyofanya kazi, na inapoishia. Kwa miaka kadhaa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ulitozwa ushuru wa bidhaa wa sh 200 kwa lita, wakati mvinyo mwingine ulitozwa zaidi ya sh 2,000. Kiwango hicho cha 200 kilidumu, na wenye viwanda wakajenga juu yake. Lakini wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali bado wamepata misimu ya zabibu kuozea mashambani, kwa sababu zabibu haingoji: ukikosa matangi ya kuhifadhi mchuzi wa zabibu, punguzo la kodi halisaidii. Kodi ilivuta mnunuzi, ila tangi halijengwi na kodi peke yake. Alizeti ina bahati hapo; ikikauka inakaa stoo miezi.

Na kwa upande wa pili, ardhi mnayolima ina kumbukumbu yake. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula kama sisi 2022, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mamilioni ya ekari, ikaanzia Kongwa. Matrekta yakaletwa, visiki na mizizi vikavunja majembe, udongo mfinyanzi ukakauka kama saruji karanga zikiwa ndani. Wakajaribu hata alizeti, ukame ukaikausha. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Pesa zilikuwepo, nia ilikuwepo. Hakuna aliyepima mvua na udongo kwa misimu ya kutosha kabla ya kuagiza mitambo. Mbegu zinazofaa hapa zinatoka kwenye utafiti wa polepole; wa alizeti unaongozwa na kituo cha TARI Ilonga, Kilosa. Ukitaka kujua serikali inaichukulia alizeti kwa uzito gani, usihesabu hotuba, angalia kituo hicho kinapewa nini kila mwaka. Mbegu chotara bora ina mafuta zaidi ya asilimia 40. Ukipata kilo 32 badala ya 25 kwenye kilo 100 zilezile, umeongeza lita 7 na nusu, sh 30,000 kwa bei ya mfano wetu. Mashudu yatapungua kilo chache na mbegu yenyewe itauzwa ghali kidogo, lakini hata ukitoa hayo hakuna ushuru wa forodha utakaokupa nyongeza ya kiasi hicho.

Sasa mkopo.

Mtambo wa kusafisha tani 5 za mafuta kwa siku unahitaji tani 20 za mbegu kila siku. Mashine zako mbili, tuseme kila moja inakamua kilo 150 kwa saa, zikikesha saa 20 zinamaliza tani 6, yaani tani moja na nusu ya mafuta. Mtambo utakaa bila kazi zaidi ya theluthi mbili ya muda, huku rejesho likihesabu siku zote. Ukiulisha sawasawa kwa siku 150 unahitaji tani 3,000 za mbegu. Kwa kilo 400 kwa ekari hizo ni ekari 7,500, na kwa sh 1,000 kwa kilo ni sh bilioni 3 za kununulia, karibu zote kati ya Juni na Septemba. Benki imekupa pesa ya chuma. Je, imekupa ya mbegu? Hapo ndipo mitambo mingi inapolala: imefungwa vizuri, imezinduliwa kwa utepe, mbegu hakuna. Na hatari yote ya bajeti imekaa kwenye zile bilioni 3 za stoo, si kwenye mtambo.

Kuna na mambo ya ndani. Kusafisha kunapoteza kilo 5 hadi 7 katika kila 100, kwenye sabuni inayojitenga unapoweka kostiki na kwenye udongo wa kung'arishia. Kuondoa harufu kunataka mvuke na joto la zaidi ya nyuzi 200, kwa hiyo boila. Na maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, boila inaota ukoko ndani ya msimu mmoja usipoweka chujio la kulainisha maji. Mafuta yakishaandikwa kuwa yamesafishwa yanaingia kwenye masharti ya TBS ya kuongezewa vitamini A, na mshindani wako sasa ni msafishaji mkubwa wa bandarini. Leo unauza mafuta ya alizeti yenye harufu yake, yale msafiri wa basi anayoyatafuta barabarani, na katika soko hilo mkubwa hawezi kukufikia kirahisi. Kwa maoni yangu usiliache.

Kwa hiyo kama benki iko tayari kukukopesha, badilisha unachokopea. Chujio zuri la kusukuma mafuta kwenye vitambaa kwa shinikizo, mashine ya kupepetea, sakafu ya saruji ya kukaushia mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 9, na stoo yenye mbao za kuinua magunia. Mbegu yenye unyevu inateleza kwenye mashine na kutoka na mafuta ndani ya mashudu. Mbegu yenye mchanga inakula bomba la kukamulia. Wengi wanaoilaumu serikali wanapoteza kilo 3 za mafuta katika kila 100 hapohapo. Kisha pitia SIDO uombe barua ya kukutambulisha TBS, maana mjasiriamali mdogo anayepitia huko hupewa alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Mkataba usisainiwe kabla ya Julai 1. Wiki mbili za kusubiri hazina gharama ukilinganisha na unachoweza kujua. Kataa rejesho la kila mwezi linaloanza mara moja, kwa sababu Januari hadi Mei huna mauzo. Omba marejesho makubwa Septemba hadi Desemba na riba tu miezi mingine. Kama ofisa hawezi kubadilisha hilo, mkopo huo haukutungwa kwa ajili ya mazao. Mwekee mezani hesabu ya gunia kwa bei tatu: ya leo, pungufu kwa sh 500, pungufu kwa sh 1,000. Ukiona kwa ile ya pili huwezi kulipa, punguza kiasi. Na mbegu usinunue yote Juni. Nunua theluthi moja kabla ya hotuba, nyingine Julai viwango vikijulikana, ya mwisho unapoona meli za mawese zimeshuka kwa bei gani. Utaikosa bei ya chini kabisa, lakini utalala usingizi. Na ukinunua, nunua kwa mizani. Lumbesa inamuibia mkulima, na wewe inakuharibia hesabu yote hii, kwa kuwa hujui kilo zako.

Kuhusu ile kalenda, si lazima mkae mkisubiri Juni. Wizara ya Fedha hukusanya mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla, mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa mwaka mpya, kwa tangazo la wazi. Na Juni Kamati ya Bunge ya Bajeti huita wadau kujadili Muswada wa Fedha. Wasafishaji wakubwa hufika wakiwa na jedwali. Wakamuaji wa Kongwa, walio chini ya saa mbili kwa basi kutoka Bungeni, huwa hawaonekani. Ukurasa mmoja unatosha: kilo ngapi mlinunua, kwa bei gani, mlibaki na kiasi gani mwaka ushuru ulipolegezwa, na ombi moja tu, kwamba kiwango kitangazwe Novemba kwa misimu mitatu, mkulima akiwa bado hajaweka mbegu ardhini. Baba yako mdogo ana daftari la 2022 na 2023. Mwombe akuazime.